Bernt Balchen, rubani aliyejua kupima mzigo

Wanafunzi wangu wa urubani hawaipendi karatasi ya uzito. Wao wanataka kuruka. Mimi nawakalisha nayo mpaka wachoke: ndege tupu ina kilo ngapi, mafuta yana kilo ngapi, abiria na mizigo je, na kitovu cha uzito kimeangukia wapi. Wakianza kunung'unika huwa nawasimulia habari za Bernt Balchen, Mnorwei aliyekuja kuwa Mmarekani. Sijui rubani mwingine ambaye maisha yake, ya amani na ya vita, yalizunguka hesabu hii kiasi kile, tena katika mahali ambapo ukikosea hakuna wa kuja kukuokota.

Alizaliwa Oktoba 1899 huko Tveit, karibu na Kristiansand, kusini mwa Norwei. Mwaka 1918 alivuka mpaka kwenda kupigana kwa kujitolea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ufini, akajeruhiwa. Aliporudi alijiunga na kikosi cha anga cha jeshi la wanamaji la nchi yake. Alikuwa mtelezaji hodari wa skii, na ujuzi huo ndio uliomfungulia mlango wa dunia.

Mwaka 1926 alikuwa Ny-Ålesund, kwenye visiwa vya Spitsbergen, miongoni mwa watu wa Roald Amundsen waliokuwa wakiandaa safari ya kwenda Ncha ya Kaskazini kwa chombo cha anga kilichoitwa Norge. Akafika Mmarekani Richard Byrd na ndege yake ya Fokker ya injini tatu, Josephine Ford, akiwa na nia hiyo hiyo. Ndege ya Byrd ilipojaribu kuondoka na mzigo kamili, skii zake zikavunjika. Amundsen akamruhusu Balchen awasaidie. Skii zikaimarishwa kwa mbao za makasia ya mashua, kisha zikapakwa nta vizuri.

Nta si jambo dogo. Skii iliyobeba tani kadhaa hukwama kwa msuguano. Theluji ikilainika kwa jua huwa nzito, na ndege hukimbia umbali wote uliopo bila kufikia kasi ya kuinuka. Huko mwezi Mei jua halizami, lakini usiku huwa chini na theluji hukaza. Mnamo 9 Mei Byrd na rubani wake Floyd Bennett waliondoka muda mfupi baada ya saa sita za usiku. Walirudi baada ya saa kumi na tano na nusu, wakisema wamefika Ncha. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu lilimwandama Balchen hadi kifo chake.

Byrd alimchukua kwenda Marekani. Mwaka 1927 walivuka Atlantiki kwa ndege iliyoitwa America, wakaikuta Paris imefunikwa na ukungu, na ni Balchen aliyeishusha ndege ya magurudumu juu ya maji ya bahari, usiku, mbele ya kijiji cha Ver-sur-Mer, Normandy. Watu wote wanne walitoka hai.

Safari iliyomtia kwenye vitabu ni ile ya 28 na 29 Novemba 1929, kwenda Ncha ya Kusini. Ndege ilikuwa Ford ya injini tatu. Balchen alishika usukani, Byrd alikuwa mpima njia, Harold June alisimamia redio, na Ashley McKinley alikuwa mpiga picha. Hapa ndipo ninapowachorea wanafunzi ubaoni. Ili ufike kwenye uwanda wa juu wa Antaktiki lazima upande kati ya milima kwa kufuata mto wa barafu, na Balchen alichagua ule unaoitwa Liv. Ndege imejaa mafuta, chakula cha akiba na kamera nzito. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, injini zinapungua nguvu na mabawa yanapata kazi zaidi. Inafika mahali ndege haipandi tena, huku barafu iliyo mbele bado inapanda, na bonde limebana kiasi kwamba huwezi kugeuka. Kuna vitu viwili tu vya kutupa, mafuta au chakula. Ukitupa mafuta hufiki, au hurudi. Ukitupa chakula, basi ndege ikianguka huko mbele mtakufa njaa. Walitupa mifuko ya chakula, ndege ikanyanyuka, wakapita juu ya ukingo kwa nafasi ndogo sana. Ulikuwa uamuzi sahihi, na nasema hivyo kama mtu wa hesabu: mafuta ni uhakika wa kurudi, ilhali chakula ni bima ya ajali ambayo huenda isitokee.

Aliporudi ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu ili apewe uraia, maana muda aliokaa Antaktiki ulikuwa umemharibia maombi yake. Mwaka 1932 alikuwa mshauri wa Amelia Earhart, akamwandalia ile Lockheed Vega aliyovukia Atlantiki peke yake. Kisha akawa rubani wa Lincoln Ellsworth, tajiri aliyetaka kuvuka Antaktiki. Januari 1935 waliruka, Balchen akaona hali ya hewa mbele imeharibika, akageuza ndege. Ellsworth alikasirika, na baadaye mwaka huo huo alivuka na rubani mwingine. Kuna wanaolihesabu hilo kuwa doa. Mimi kwangu rubani asiyeweza kumkatalia mwenye pesa si rubani.

Wajerumani walipoivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940, Balchen alikuwa amekwisha rudi kwao na kufanya kazi katika shirika la ndege la nchi hiyo, DNL. Alisaidia kuanzisha kambi ya kufundishia marubani Wanorwei huko Toronto, Kanada, iliyojulikana kama Norwei Ndogo. Mwaka 1941 mkuu wa jeshi la anga la Marekani, Jenerali Arnold, akamwita akamjengee uwanja Grinlandi.

Kwa nini Grinlandi? Tazama ramani. Ndege za kivita za wakati ule hazikuwa na mafuta ya kuvuka Atlantiki kwa mruko mmoja. Ilibidi ziruke vituo kwa vituo: kutoka Amerika Kaskazini hadi Grinlandi, kisha Iceland, kisha Uskoti. Uwanja wa Balchen uliitwa kwa jina la siri Bluie West Eight, nao ulikuwa mwisho wa hori refu la Søndre Strømfjord, kaskazini ya mstari wa Aktiki. Bahari iko mbali na hapo na hewa ni kavu, kwa hiyo mara nyingi anga huwa safi wakati pwani imefungwa na ukungu. Kuchagua mahali pa namna hiyo ni nusu ya kazi.

Sasa ndege zikaanza kupita kwa wingi, na zikaanza kuanguka. Kofia ya barafu ya Grinlandi inapanda taratibu hadi zaidi ya mita 3,000. Mawingu yakiwa meupe juu na theluji nyeupe chini, bila kivuli, rubani haoni ardhi inaanzia wapi. Kipimo cha kimo humwambia yuko juu ya usawa wa bahari kiasi gani. Hakimwambii barafu iko umbali gani chini ya tumbo la ndege. Na dira nayo huyumba, kwa kuwa ncha ya sumaku iko jirani.

Mwishoni mwa Juni 1942 ndege ya mabomu ya B-17 iliyoitwa My Gal Sal ilishuka kwa tumbo juu ya barafu ikiwa na watu 13. Propela zilipinda. Wale jamaa wakakata ncha za mapanga ya propela moja ili injini iweze kuzunguka tena, wapate umeme wa kuendesha redio. Ndivyo walivyosikika. Lakini kusikika ni kitu kimoja, kufikiwa ni kingine. Gurudumu lingezama, na helikopta za uokoaji zilikuwa bado hazijaja.

Balchen aliona kutoka angani kwamba jua la kiangazi limeyeyusha bwawa la maji juu ya barafu, umbali fulani kutoka kwenye ndege iliyoanguka. Akapendekeza watue humo na Catalina, ndege yenye tumbo la mashua. (Ni aina ile ile iliyokuwa na kituo Kipevu, Mombasa, wakati huo huo wa vita, ikisaka nyambizi katika Bahari ya Hindi.) Catalina hutua baharini kila siku, lakini bwawa la juu ya barafu lina shida zake. Kina chake hakijulikani. Maji yamechanganyika na theluji kama uji mzito, yanashika tumbo la ndege. Bwawa ni fupi, nalo liko juu ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo kutua ni rahisi kuliko kuondoka. Luteni Parunak wa jeshi la wanamaji alitua humo. Balchen na wenzake wakavaa skii, wakatembea kwenye barafu iliyojaa nyufa mpaka kwa wale 13, wakawaleta bwawani, na wote wakaondoka. Ndege yenyewe ilibaki kwenye barafu hadi 1995 ilipotolewa, na leo iko kwenye jumba la makumbusho ya vita hivyo huko New Orleans.

Novemba mwaka huo B-17 nyingine, iliyokuwa ikitafuta ndege iliyopotea, ikagonga barafu yenyewe. Uokoaji ule ulichukua miezi mitano. Mmoja wa wafanyakazi wa ndege hiyo alitumbukia kwenye ufa. Mwingine alikufa pamoja na wanamaji wawili wa ulinzi wa pwani waliokuja kumchukua, ndege yao ndogo ilipoanguka. Ilikuwa baridi kali, hakuna bwawa. Safari hii Balchen aliamua Catalina itue kwa tumbo juu ya theluji kavu. Wengi waliona ni wazimu. Tatizo la mbinu hiyo si kutua: tumbo la mashua huteleza vizuri. Tatizo ni kusimama. Msuguano umelipasha joto tumbo, theluji inayeyuka kidogo, na ndege ikitulia dakika chache inagandia pale pale. Injini zikipiga kwa nguvu zote hazitoshi kuing'oa. Lazima itikiswe mabawa hadi iachie. Watatu wa mwisho walitolewa tarehe 6 Aprili 1943.

Mwezi uliofuata aliongoza ndege za mabomu dhidi ya kituo cha Wajerumani cha hali ya hewa kwenye kisiwa cha Sabine, pwani ya mashariki ya Grinlandi. Doria ya Kidenmaki ya magari ya mbwa ndiyo iliyokigundua. Usidharau kituo cha hali ya hewa: mifumo mingi ya hewa inayofika Ulaya hupita kwanza upande huo, na mwenye vipimo vya Grinlandi leo anajua kesho kukoje kwenye Atlantiki na Ulaya.

Mwaka 1944 alihamia Uskoti, na hapo vita vyake vikawa vya ujanja zaidi. Uswidi haikuwa upande wowote. Ndani yake kulikuwa na maelfu ya vijana wa Kinorwei waliokimbia nchi yao, na mamia ya wanahewa wa Kimarekani waliozuiliwa baada ya ndege zao kushuka huko. Balchen akapewa ndege za B-24 zilizovuliwa bunduki na alama za kijeshi. Marubani walivaa nguo za kiraia, na huduma ikapewa jina la shirika la kiraia. Ziliruka usiku kutoka Leuchars hadi uwanja wa Bromma, Stockholm, zikikatiza juu ya Norwei iliyojaa mizinga ya Wajerumani. Bromma huko huko ndiko zilikotua pia ndege za Lufthansa, shirika la Wajerumani. Bila bunduki, ulinzi wao ulikuwa giza na mawingu. Kiangazi, usiku wa kaskazini unapobaki na mwanga, ndicho kilichokuwa kipindi cha hatari. Kwa njia hiyo walitolewa Wanorwei wapatao 2,000 na Wamarekani zaidi ya 900. Ndege nyingine chini ya usimamizi wake ziliangusha silaha na vifaa kwa wapiganaji wa siri ndani ya Norwei.

Halafu ikaja Finnmark, kaskazini kabisa ya Norwei. Vuli ya 1944 Wajerumani walirudi nyuma mbele ya Wasovieti wakichoma kila nyumba waliyoweza. Balchen alileta ndege kumi za mizigo aina ya Dakota kwenye uwanja wa Kallax, karibu na Luleå, Uswidi, akaanza kusafirisha askari wa Kinorwei waliofunzwa Uswidi kwa jina la polisi, pamoja na dawa, chakula, hospitali ya kuhamishika na hata nyasi za mifugo. Hapo hakuna sinema: ni kupakia, kufunga kamba, kupima, kuruka gizani, kushusha. Kwangu mimi ndiyo sehemu bora ya maisha yake.

Baada ya vita aliongoza kikosi cha uokoaji Alaska, na Mei 1949 akarusha ndege kutoka Fairbanks hadi Oslo kupitia Ncha ya Kaskazini bila kutua, akawa mtu wa kwanza kurusha ndege juu ya ncha zote mbili. Alihusika pia na uwanja mkubwa wa Thule, Grinlandi. Alistaafu 1956 akiwa kanali. Ujenerali haukuja, na watu wake wa karibu walilaumu uadui wa Byrd, ambaye kaka yake alikuwa seneta wa Virginia.

Chanzo ni zile saa kumi na tano na nusu. Kutoka Ny-Ålesund hadi Ncha ni nyuzi 11 hivi za latitudo, kila moja kilomita 111. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 2,460. Gawa kwa muda: kilomita 159 kwa saa, mfululizo. Balchen aliirusha ndege hiyo hiyo pamoja na Bennett katika miji ya Marekani baadaye mwaka ule, akaandika kasi zake, na zilikuwa chini ya hapo. Wanaomtetea Byrd husema alipata upepo. Lakini upepo usiobadilika hausaidii safari ya kwenda na kurudi: unaokusukuma huku unakuzuia kule, tena unakuzuia kwa muda mrefu zaidi. Ili hesabu itimie lazima upepo wenyewe uwe umegeuka. Kwa upande mwingine, ndege ya maonyesho hurushwa polepole kulinda injini, kwa hiyo kasi za Balchen peke yake hazimalizi kesi. Siwezi kuapa kwamba Byrd hakufika. Ila swali la Balchen lilikuwa halali, na kitabu chake cha 1958 kilichapishwa baada ya kuondolewa sehemu alizoliuliza.