Usingizi Unaporuka Kila Usiku: Maswali na Majibu

Huu ni mwezi wa tano, usiku kucha nagaagaa bila usingizi. Je, huu ni ugonjwa?

Kukesha usiku mmoja mmoja humpata kila mtu: mfiwa, mwenye mtihani, mwenye deni. Lakini ukikosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana unashinda umechoka, tatizo limekuwa sugu. Lina tiba, dada yangu.

Mbona deni lililoninyima usingizi nimeshalipa, lakini usingizi haurudi?

Kwa sababu sasa kitanda chenyewe ndicho kinachokuamsha. Unasinzia vizuri kwenye kochi wakati wa taarifa ya habari, lakini ukishachomeka chandarua, macho makavu. Unatazama saa kwenye simu, unapiga hesabu: "Nikilala sasa nitapata saa nne tu." Moyo unakwenda mbio. Mwili umezoea kwamba kitandani ni mahali pa kuhangaika.

Uondolee mazoea hayo. Panda kitandani pale tu macho yanapokuwa mazito. Ukikadiria dakika 20 zimepita bila lepe la usingizi, toka. Kama mnaishi chumba kimoja, hamia kwenye kiti au mkeka. Taa iwe hafifu, kunja nguo taratibu, simu iache. Macho yakilegea, rudi. Yakikataa, toka tena, hata mara nne. Asubuhi amka saa ileile, hata Jumapili, hata kama ulisinzia saa kumi alfajiri, na mchana usilale kufidia. Siku za mwanzo utachoka zaidi, nakuambia mapema usije ukakata tamaa. Siku hizo usiendeshe pikipiki wala gari ukiwa na usingizi. Wengi huona nafuu baada ya wiki chache.

Na kahawa?

Iishie asubuhi. Ukinywa saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, bado imo mwilini saa tatu usiku. Chai ya rangi nayo ina kafeini.

Ninunue vidonge dukani?

Usinunue. Diazepamu, dawa ya kutuliza inayoleta usingizi, mwili huizoea, ukataka zaidi. Na kama umeitumia muda mrefu usiiache ghafla, unaweza kupata degedege. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo. Pombe nayo hukulaza haraka, kisha hukuamsha usiku wa manane.

Lini niende hospitali?

Ukiambiwa unakoroma na pumzi hukatika usingizini. Ukiwa na huzuni isiyoondoka. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwamshe mtu wa nyumbani usiku huohuo, akupeleke.