Kinanda si hakimu wa kwaya

Kwaya ikiimba bila ala na kumaliza wimbo chini kidogo ya pale ilipoanzia, hilo peke yake si ushahidi kwamba imeimba vibaya. Huenda imeimba vibaya kweli. Huenda pia imeimba kwa usafi ambao kinanda hakiuwezi. Kinanda chenyewe hakina namna ya kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili, na ile programu ya simu ya kupimia nota, yenye mshale wa kijani na mwekundu, nayo haina.

Nimechoka, ndiyo maana naandika. Kila tukimaliza wimbo usio na ala, lazima apatikane mtu wa kwenda kwenye kinanda, abonyeze ile do ya mwanzo kwa kidole kimoja, halafu atugeukie kwa uso wa huruma. Safari hii alikuwa mzee wangu mmoja, askari mstaafu, besi wa siku nyingi katika kwaya za kambi hapa Nsambya, Kampala. "Mwalimu, mmeshuka. Kinanda hakidanganyi." Nikamjibu, "Ndiyo afande, tumeshuka." Utabishanaje na mtu wa umri wa baba yako mlangoni pa kanisa, misa imetoka na watu wanataka kupita? Yaliyobaki nayamalizia hapa.

Kinanda kinadanganya, mzee wangu. Kimelinganishwa makusudi kidanganye.

Oktava yake (do hadi do inayofuata juu) imegawanywa vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande, yaani nusu toni, senti 100 (senti za muziki, si za shilingi). Kwa mpango huo mpiga kinanda anahamia ufunguo wowote anaotaka, yaani do yoyote ya kuanzia, bila kusimamisha ibada alinganishe nyuzi upya, na mimi sina ugomvi na urahisi huo. Ila una gharama. Ukiiacha oktava yenyewe, kila umbali kati ya nota mbili umesogezwa kidogo kutoka pale ambapo sikio lingeuweka. Do hadi sol haina shida: safi ni senti 702, kinanda kinatoa 700. Do hadi mi ndipo pana kasheshe. Mi safi iko senti 386 juu ya do. Kinanda kinaiweka kwenye 400. Hizo ni senti 14 za ziada.

Senti 14 ni kitu gani? Wape tenori do ya hezi 261.6 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), wape alto mi ya kinanda juu yake, hezi 329.6. Kila sauti ya binadamu hubeba juu yake msururu wa sauti nyingine nyembamba. Ya tano katika msururu wa do iko kwenye hezi 1308. Ya nne katika msururu wa mi iko kwenye 1318. Hazikutani, zinagongana, mara 10 kila sekunde. Kwenye piano mgongano huo hufa haraka kwa sababu sauti yenyewe inafifia. Kwaya inapoishikilia kodi hiyo (kodi ni nota kadhaa zinazolia pamoja) mapigo manane, unausikia kama mchanga kwenye meno. Sasa mi ikishuka hadi hezi 327, zile sauti mbili za juu zinatua mahali pamoja, na mchanga unaisha.

Kwenye mazoezi ya karibuni niliwapanga: besi do, tenori sol, alto mi, wote kwenye "o", kinanda kimefungwa. Kodi ilikuwa sawasawa na ya kinanda, yaani haikuwa na uhai wowote. Nikawaambia alto washushe, kidogo sana, wasisukume, wasikilize besi badala ya kujisikiliza wenyewe. Wakashusha mno, kodi ikanuna. Wakarudi juu. Wakashuka tena polepole, na ghafla ukumbi ukabadilika. Dada mmoja wa soprano, ambao muda wote walikuwa kimya, akageuka nyuma kutazama nani anaimba huko juu. Hakuna aliyekuwa anaimba. Ilikuwa ile sauti ya msururu, sasa imeungana na kupata nguvu kiasi cha kusikika kama mtu. Mpiga kinanda wetu alikuwa ameelekeza simu kwa alto. Mshale ulikuwa mwekundu.

Basi twende kwenye kushuka. Panga kodi hizi: do, la ndogo (minor), re ndogo, sol, halafu rudi do. Nyimbo nyingi za sadaka zinazunguka humo humo. Iimbishe kwaya yenye sikio zuri, kila nota inayobaki kutoka kodi moja hadi nyingine ishikwe pale pale, na kila kodi iwe safi. La unaipata kutoka do, re unaipata kutoka hiyo la, sol kutoka hiyo re, na do ya mwisho kutoka hiyo sol. Fanya hesabu: do ya mwisho ni 80 kwa 81 ya do ya kwanza. Mmeshuka senti 21.5, pengo ambalo wanamuziki huliita koma, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Wimbo wa beti tano, mzunguko mmoja kila ubeti, utaisha senti 107 chini. Hiyo ni zaidi ya nusu toni. Jambo hili si jipya: Giovanni Battista Benedetti, mwanahisabati wa Venice, aliliandika katika karne ya 16 kwenye barua zake kwa mtunzi Cipriano de Rore. Miaka zaidi ya 400 baadaye bado watu wananiletea simu.

Wanakwaya wangu mnaosoma hapa, msishangilie. Tangu niwafundishe habari ya koma hii, imekuwa kisingizio. Mtu kala chapati mbili saa kumi, amekuja mazoezini amelegea, sauti inaporomoka kama ndoo kisimani, anasema, "Mwalimu, ni koma." Si koma. Mara nyingi mno si koma.

Namna ya kutofautisha ndiyo kazi yenyewe, na ndipo ninapokasirishwa na watu wanaodhani "mmeshuka" ni utambuzi kamili wa ugonjwa. Sauti zote nne zikishuka pamoja huku kodi ziko safi, nitaiacha kwaya iende na njia yake. Soprano wakishuka kwanza na wengine wakawafuata kwa huruma, tatizo ni pumzi au ni lile daraja la sauti, ambalo kwao huwa karibu na mi na fa za juu. Mwimbaji asiyejua kulivuka hulipita kwa kubana koo, na nota inafika chini ya anwani yake. Nota moja ikirudiwa mara nyingi, kama kwenye zaburi, kila marudio huteleza kidogo kwa sababu hakuna anayeiimba upya, wanaiendeleza tu. Ngazi ya kushuka watu huteremka kwa hatua kubwa mno, na ya kupanda hupanda kwa hatua ndogo mno. Irabu ya "a" ikirudi kooni, inaonekana imeshuka hata kama haijashuka. Na wakati mwingine ni mikono ya mwalimu: anayepiga mapigo mazito kuelekea sakafuni, kidevu juu, bila kuvuta pumzi pamoja na kwaya kabla ya pigo la kwanza, atapata alichokiomba. Dawa ya kila moja ni tofauti. "Pandeni!" si dawa.

Hapa naingia kwenye swali jingine ninaloulizwa sana, na nitalipitia haraka. Kwa nini niimbe oratorio za Handel, zile tungo ndefu za kidini za kwaya na okestra, wakati wa Krismasi, niongoze kwaya, na bado nishinde maktabani Makerere? "Chagua moja, Mwalimu." Riziki kwanza: hakuna hata moja kati ya hizo inayolipa kodi ya nyumba Kampala peke yake. Ila hata zingelipa, nisingechagua. Mwimbaji ndani yangu anajua kwa koo lake mwenyewe kwa nini soprano wamebanwa. Mwongozaji anajua kama kuna muda wa kulitibu kabla ya Jumapili. Mtafiti anauliza ni nani alisema ile mi ndiyo mi. Ukimwondoa mmoja, wawili waliobaki watakimbilia kwenye kinanda kuomba hukumu.

Na swali hilo la mtafiti hapa Uganda si la mezani tu. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alichapisha katika jarida la Nature vipimo vya ennanga, kinubi cha Baganda. Alikuta oktava imegawanywa katika hatua tano zinazokaribia kuwa sawa. Gawanya 1200 kwa tano: kila hatua senti 240. Tafuta senti 240 kwenye kinanda. Kuna 200, kuna 300. Hatua ile haipo. Inaangukia kwenye ufa kati ya vitufe viwili. Hata amadinda, marimba ya Baganda yenye magogo 12 na wapigaji watatu, hailinganishwi kwa kipimo cha piano, na sijasikia mpigaji aliyeona ni dosari.

Sasa nieleze nilichoshuhudia kwenye mashindano fulani ya shule. Watoto wamesimama, wanaimba wimbo wa kienyeji wa Kiganda, wa asili kabisa, bila ala. Mwamuzi mmoja, simtaji, akabonyeza kinanda mwishoni, akawakata alama kwa sababu "hatua hazikuwa sahihi." Wimbo wa kienyeji! Sahihi kwa kipimo cha nani? Joseph Kyagambiddwa aliandika kitabu kizima juu ya muziki huu mwaka 1955, kisha akatunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, ya mwaka ule ule wa 1964 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu. Mtu huyo alikuwa mtunzi na mwanazuoni kwa wakati mmoja, na hakusubiri kinanda kimpe ruhusa ya kusikia alichosikia.

Lakini nisijifanye nimeshinda kesi. Wale watoto wamekulia kwenye redio, na kwenye makanisa yenye vinanda vya umeme, si miguuni pa mpiga ennanga. Hatua yao iliyokaa katikati ya 200 na 300 inaweza kuwa urithi, na inaweza kuwa woga wa jukwaani. Wanazuoni wenyewe hawajakubaliana kama senti 240 ni shabaha ambayo fundi aliilenga, au ni wastani tu unaotokea kwa kuwa sikio la Kiganda linavumilia tofauti pana. Nikiwa mbele ya kwaya na kodi ya namna hiyo ikatokea, nina sekunde mbili za kuamua kama nairekebisha au naiheshimu. Huwa naamua kwa hisia, halafu usiku nasoma ili nijue kama hisia ilikuwa na msingi. Mara nyingi kitabu hakisemi.

Na kuna jambo jingine linalonitoa jasho zaidi, kwa sababu linanihusu koo. Mwimbaji wa klasiki huimba na mtikisiko. Sauti yangu ninapoimba solo inapanda na kushuka mara tano hadi saba kwa sekunde, na upana wake unaweza kufika nusu toni kila upande wakati wa nguvu. Sasa mimi huyu, ninayetikisika makumi ya senti juu na chini, nina haki gani ya kuwagombeza alto kwa senti 14? Jibu la vitabu ni kwamba sikio husikia katikati ya mtikisiko. Sawa. Lakini weka waimbaji 30 waliofunzwa hivyo kwenye kodi moja uone kama ile sauti ya juu isiyo na mwenyewe itatokea. Haitatokea. Ndiyo maana nikiingia kwaya nazima mtikisiko, nazima na ule mlio mkali wa karibu hezi 3000 unaomsaidia mwimbaji wa solo asikike juu ya okestra, kisha nikirudi solo nawasha tena. Walimu wangu wa sauti waliniambia kuzima huko kunaharibu koo. Walimu wangu wa kwaya waliniambia kutozima kunaharibu kwaya. Wote wana hoja, na koo ni moja.

Hata vinanda vyenyewe havikubaliani. Kinanda cha mabomba hupanda karibu senti tatu kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo cha misa ya asubuhi si kile cha misa ya saa tano. Piano za shule zilizo karibu na ziwa, unyevu wake mnaujua. Na kile cha umeme cha parokia yako, hebu angalia kama kuna mtu aliyegusa kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye harusi ya jana akasahau kukirudisha, kabla hujaja kunionyesha simu.

Kwa wapiga vinanda, nina ombi la kazi tu. Kwaya ikiimba beti mbili bila ala na wewe unaingia ya tatu, usibonyeze nota ya "kupima" katikati. Sikiliza wapi tumefika. Kama tumeshuka karibu nusu toni kamili, kitufe cha kuhamisha ufunguo kiko hapo, hamisha kimya kimya. Kama tumeshuka robo toni, kaa bila kupiga hadi wimbo uishe, na tutaongea Jumatano kwenye mazoezi. Afande naye amealikwa. Aje asimame na besi, simu aiache nyumbani.