Maana ya upasuaji wa sikio kwa roboti

Upasuaji wa sikio kwa roboti ni upasuaji ambao sehemu ya kazi ya mkono wa daktari, hasa kutoboa mfupa au kuingiza kifaa ndani ya koklea (kiungo cha kusikia cha sikio la ndani, chenye umbo la konokono), hufanywa na mtambo, ili sikio la ndani lifikiwe kwa njia nyembamba na bila kuondoa mfupa mwingi. Mtambo haujiamulii lolote. Daktari bingwa wa masikio ndiye anayeusimamia, na anaweza kuuzima wakati wowote.

Mfano ulio wazi ni upandikizaji wa koklea, yaani kumwekea mtu asiyesikia kifaa kinachopeleka ishara za umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Kwa kawaida daktari huchonga mfupa ulio nyuma ya sikio kwa keekee, akitazama kwa hadubini, mpaka apate uwazi wa kutosha kuitambua neva ya uso na kuikwepa. Mwaka 2016 huko Bern, Uswisi, roboti ilitoboa badala yake tundu moja tu, lenye upana wa milimita 1.8, kutoka nyuma ya sikio hadi sikio la kati.

Ugumu wote uko hapo, kwa sababu tundu hilo hupita katikati ya neva ya uso na tawi lake jembamba linalobeba ladha ya ulimi, mahali ambapo nafasi yote ni kama milimita mbili au tatu. Neva ya uso ikijeruhiwa, upande mmoja wa uso hupooza, mdomo ukaenda kombo na jicho likashindwa kufumba. Kwa hiyo skurubu ndogo hufungwa kwenye mfupa kabla ya kupiga picha za skani, na roboti hutumia skurubu hizo hizo kulinganisha picha na fuvu lenyewe. Keekee husimama kila baada ya hatua fupi na kupozwa kwa maji, maana joto nalo huunguza neva, na umeme kidogo hupitishwa ndani ya tundu ili kupima neva iko umbali gani. Mgonjwa ambaye picha zake zinaonyesha nafasi finyu mno hupasuliwa kwa njia ya kawaida.

Huko Bern, elektrodi zenyewe, yaani sehemu nyembamba ya kifaa inayoingia ndani ya koklea na kutoa ishara za umeme, ziliingizwa kwa mkono. Mitambo mingine, kama RobOtol ya Ufaransa, hufanya kazi hiyo ya pili: daktari huiongoza kwa usukani mdogo, nayo husukuma elektrodi bila kutetemeka na kwa mwendo wa taratibu ambao mkono wa binadamu hauwezi kuudumisha. Kwa maoni yangu faida hii haipewi uzito unaostahili, kwani kusukuma kwa haraka huongeza shinikizo la majimaji ndani ya koklea na kunaweza kuharibu usikivu kidogo ambao mgonjwa alikuwa bado nao.