Muhuri wa mpakani si ruhusa ya kulima kwa ujira

Kyela, Rungwe hata Tunduma, kusini-magharibi mwa Tanzania, utasikia: mtu wa Malawi au Zambia akishagongewa muhuri Kasumulu au Tunduma, anaruhusiwa kufanya kibarua shambani, kwani sote ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Si kweli. Muhuri ule ni wa kuingia na kutembea tu.

Tangu 2015, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni inamtaka asiye raia awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Kikitoka, ndipo Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, daraja B kwa walioajiriwa. Mwombaji ni mwajiri, naye aeleze kwa nini ujuzi huo haupatikani nchini. Kwa fundi wa mitambo ya chai hoja hiyo inawezekana. Kwa palizi ya mpunga, nani atakubali? Kulipa kwa ngwe au kwa kilo hakubadilishi kitu. Wala kuongea Kinyakyusa, lugha ya Kyela na Rungwe: Wangonde wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, lugha yao inakaribiana sana nacho, na lugha si uraia.

Hasara huja msako ukifanyika wakati wa mavuno na vibarua wakakamatwa. Mpunga uliokomaa haungoji, hupukutika. Chai ni mbaya zaidi: huchumwa kila siku 7 hadi 14, na ukiruka mzunguko mmoja jani hukomaa, kiwanda kikalikataa. Kwa hiyo panga vibarua kabla ya msimu, na mgeni uulize uraia wake kabla hujampa jembe.