Kurekodi Mwaloni: Upepo, Mwezi na Bando

Ninasomea uandishi wa habari hapa Mwanza, na kwenye kikundi chetu cha redio na podikasti mimi ni mtu wa sauti: narekodi, nahariri. Wageni wa mwaka wa kwanza huanza kwa kuuliza programu gani ya kuhariria ni bora. Yoyote inatosha, Audacity ni ya bure na inafanya karibu kila tunachohitaji. Kipindi cha huku ziwani huharibikia nje, faili likiwa bado halijaiona kompyuta.

Adui wa kwanza ni upepo. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake hupaa, na ya baridi kutoka ziwani huja kushika nafasi. Ndiyo maana asubuhi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, unaweza kurekodi vizuri, na alasiri kinasa sauti kilekile kikakurudishia mngurumo mtupu. Mngurumo huo hukaa kwenye sauti nzito za chini kabisa, kwa hiyo kichujio kinachokata chini ya hezi 80 au 100 husaidia kama upepo ni mwepesi. Ila sauti ikishavuka kipimo na kupasuka, hakuna kichujio cha kuirudisha. Dawa ni kuivika maikrofoni kofia ya manyoya. Asiye nayo aupe upepo mgongo, ajibanze nyuma ya magunia, na asogeze maikrofoni karibu na mdomo wa msemaji. Kusogea si jambo dogo: umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hushuka kama desibeli 6, wakati kelele za soko zinabaki vilevile.

Mwezi nao una mambo yake. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu, na siku za mwezi mpevu wengi hupumzika. Unataka mitumbwi ikirudi alfajiri, ndoo zikigongana na wachuuzi wakivutana bei? Panga safari yako siku za giza. Unataka mahojiano marefu na wavuvi wenyewe? Nenda mwezi ukiwa mpevu, uwakute wanashona nyavu na wana nafasi ya kuzungumza. Kalenda hii sijaikuta kwenye kitabu chochote cha utangazaji tulichosomeshwa, na ningependa kuiona humo.

Vitabu hivyohivyo vinafundisha kwamba ili kupima sauti, umuulize mhojiwa amekula nini asubuhi. Kumuuliza hivyo mama aliyeinamia dagaa wake tangu alfajiri ni kituko, tena huenda hajatia kitu mdomoni. Mimi huanza na "Shikamoo, mama," najieleza ninakotoka, naomba ruhusa ya kuwasha, ndipo nauliza, "Mama, dagaa leo wanakwendaje?" Hapo ndipo anapozungumza kwa sauti yake ya kila siku, kwa nguvu na mzaha kidogo, nami narekebisha kipimo vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6, chini ya sifuri ambapo sauti hupasuka. Tukimaliza naomba kusimama palepale nirekodi dakika nzima bila mtu kusema nami. Watu hunishangaa, lakini dakika hiyo ndiyo huziba viraka vya uhariri. Ukikata sentensi bila kuwa nayo, msikilizaji anasikia soko zima likizimika ghafla.

Mahojiano yaleyale tunayakata mara mbili. Msikilizaji wa redio hufungulia wakati wowote, hivyo mtangazaji hana budi kurudiarudia nani anazungumza na kuhusu nini. Wa podikasti amekichagua kipindi mwenyewe na kwa kawaida ameanza mwanzo, na kurudia jina kila baada ya muda mfupi kunamkera. Kwa redio pia muda hauna huruma. Maandishi tunayapima kwa kuyasoma kwa sauti huku saa inahesabu, maana kanuni ya maneno matatu kwa sekunde ilitungwa kwa Kiingereza, na maneno yetu ni marefu.

Linalozua ubishi kikundini ni uzito wa faili. Rekodi ghafi ya WAV, faili lisilobanwa, kwa stirio (sauti ya kushoto na ya kulia) inakula kama MB 10 kila dakika. MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde inashuka hadi karibu MB 1, na ya kilobiti 64 kwa mono (njia moja tu ya sauti) ni nusu ya hapo. Kipindi cha dakika 20 kwa hiyo kinamgharimu msikilizaji MB 19 hivi, au chini ya 10. Wenzangu wanalilia stirio, eti mawimbi ya ziwa yapite toka sikio hili hadi lile. Nawaelewa. Lakini wale tuliowarekodi wanajisikiliza kwenye simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, spika moja, na bando ni la siku. Kwa mazungumzo, kilobiti 64 inatosha kabisa. Kipindi kikiwa na ngoma na nyimbo nyingi tunapandisha hadi 128, na tunaandika ukubwa wa faili kando ya kiungo ili mtu aamue kabla ya kupakua.