"Mimi Niko Fiti" na Maneno Mengine Ninayoyasikia Getini

Juzi kaka mmoja wa Dar alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Yumo kwenye kikundi cha watu sita nitakaowapandisha Kilimanjaro mwezi Desemba kwa njia ya Machame. Wenzake wamechagua siku 7. Yeye anaona 5 zinamtosha, maana anakimbia kilomita 21 kila Jumamosi na jimu haikosi. Ombi lake: aanze siku mbili nyuma yao, awakute kwenye kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, wapande juu pamoja.

Nilimjibu kwa adabu. Lakini ni mtu wa nne mwaka huu kuniambia jambo hilohilo, na adabu nayo ina akiba yake.

Basi nianze na hilo, kwamba mtu mwenye mazoezi mlima haumsumbui. Mazoezi ni kitu kizuri. Yatakusaidia magoti wakati wa kushuka, yatakufanya usifike kambini ukiwa umekufa nusu. Ila ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na kupanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea, hauna habari na miguu yako. Watu husema kule juu oksijeni imekwisha. Haijaisha, ni asilimia 21 ileile ya Coco Beach. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni uliyozoea.

Mwili unajua kujirekebisha, lakini kwa ratiba yake wenyewe. Kwanza unapumua haraka zaidi, hata usingizini. Kupumua huko kunaiondolea damu kabonidayoksaidi nyingi, damu inaelemea upande wa alkali, na figo ndizo zinazorudisha mizani kwa kumwaga bikaboneti, ile alkali ya damu, kwenye mkojo. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu ndiko kabisa, kunataka wiki. Sasa niambie, ni mashine gani ya jimu inayofanyisha figo mazoezi?

Tena mtu wa mazoezi ana hatari yake ya pekee. Anatembea haraka kwa sababu anaweza. Anatoka geti la Machame akiwa mbele ya kiongozi, anafika kambini saa nzima kabla ya wenzake, anajipiga picha. Kesho yake kichwa kinamgonga, naye hasemi, kwa sababu tangu aanze mazoezi amefundishwa kwamba maumivu ni ya kupuuzwa. Mama wa miaka 55 aliyekuwa akihema nyuma tangu asubuhi atakuambia wazi, "Kiongozi, leo sijisikii." Huyo wa mbele utamgundua kwenye tenti ya chakula, akizungusha kijiko kwenye supu ya boga dakika kumi bila kukipeleka mdomoni. Mimi siku hizi naangalia sahani kuliko nyuso.

Kama hamniamini mimi, Martina Navratilova, bingwa wa tenisi mwenye mataji 18 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, alikuja Kilimanjaro Desemba 2010. Hakufika kileleni. Mapafu yalijaa maji, wapagazi wakamshusha, akaishia hospitalini Nairobi. Mwingine ataniletea habari za Karl Egloff, mkimbiaji wa milimani, aliyepanda na kushuka mlima huu mwaka 2014 kwa saa 6 na dakika 42. Ni kweli kabisa. Lakini Egloff ni mtu wa Quito, Ecuador, mji ulio kama mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Akiwa kitandani kwake amelala juu kuliko kibanda cha Mandara, kituo cha kwanza cha kulala njia ya Marangu. Wewe unalala Sinza.

Miaka michache iliyopita nilimpandisha kijana mmoja kwa njia ya Marangu, siku 5, mwili wa mwanajeshi. Tulitoka kibanda cha Kibo, cha mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku. Kufika pango la Hans Meyer, zaidi ya mita 5,100, nikamwona anahangaika na glavu. Alikuwa anavisha ya kushoto mkono wa kulia. Akaivua, akaitazama, akaivisha tena mkono uleule. Nikamwambia atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, tochi yangu ikimulika changarawe. Hatua ya tatu akaenda upande kama mtu aliyesukumwa. "Kiongozi, ni mawe haya," akaniambia. Nikachora mstari mahali pasipo na jiwe. Akayumba tena. Pale hakuna mjadala: ubongo umeanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku uleule, bila kungoja jua. Tulimshika huku na huku mpaka Kibo, kisha machela ya gurudumu moja hadi kibanda cha Horombo, chini yake. Asubuhi pale Horombo alikunywa uji vikombe viwili, akaniuliza kama tunaweza kurudi juu kesho. Alikuwa hakumbuki glavu.

Alikuwa ameficha maumivu ya kichwa siku mbili. Na kosa langu silifichi: nilimuuliza mbele ya wenzake, badala ya kumvuta pembeni.

Hapo ndipo kikundi kidogo kinapolipa. Watu sita nawajua kwa kukohoa tu. Asubuhi na jioni nauliza manne, mmoja mmoja: kichwa, tumbo, usingizi, hamu ya kula. Nina pia oksimita ya kidoleni, ya kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu, ingawa kile kifaa kimeniletea balaa jipya, watu wanashindana namba. "Mimi 88, wewe?" Barafu watu wengi huwa kwenye 80 na kitu na wako salama, na mwenye 87 anaweza kuwa mgonjwa kuliko mwenye 81. Namba peke yake haisemi kitu. Sahani inasema.

Kutoka hapo tunaingia kwenye zile siku 5, maana ni dhana ileile imevaa koti jingine. Watu wanadhani siku za mlimani ni za kutembea, kwa hiyo anayetembea haraka apunguze siku. Hapana. Siku mlimani ni usiku. Unalipia kulala. Madaktari wa mambo ya mwinuko wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sasa tazama Marangu ya siku 5: Mandara kama mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,700. Kila usiku unaruka mita elfu nzima. Watu wanaiita njia rahisi kwa sababu ina vitanda! Ongeza usiku mmoja Horombo, mchana wake mpande taratibu hadi Miamba ya Pundamilia, mrudi kulala palepale, utaona tofauti. Machame nayo ina siku nzuri ya aina hiyo: mnapanda hadi Lava Tower, mita 4,600, mnakula chakula cha mchana huku vichwa vinalalamika, kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wateja wengi hununa siku ile. "Kwa nini tupande halafu tushuke?" Kwa sababu mwili umeonjeshwa juu, halafu umepewa usiku wa kufikiri.

Na kwa raia wa Afrika Mashariki, ambaye ada zake za hifadhi ni ndogo sana kando ya zile za mgeni, kubana usiku mmoja ni ubahili usio na hesabu. Huyo kaka wa Dar kanunua buti la bei kuliko usiku huo.

Mengine nayapitia haraka.

"Sisi tumezaliwa chini ya mlima, damu imezoea." Nawapenda Wachaga wenzangu, lakini Moshi mjini haifiki hata mita 1,000. Kuuona mlima dirishani hakuongezi chembe ya damu. Mimi mwenyewe nikikaa nyumbani masika nzima, safari yangu ya kwanza ya Juni kichwa kinauma Barafu kama cha mgeni. Wapagazi nao huugua, na huugua kimyakimya kwa kuogopa kukosa kazi. Kwa hiyo ukiwa na kikundi, waulizeni na wao hali. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na getini unapimwa. Kuna dada alileta spika ya muziki ya kilo 6. Nilimwomba abebe mwenyewe hadi kambi ya kwanza. Spika ilirudi Moshi na gari.

"Nitameza Diamox nimalize kazi." Diamox, kidonge cha kusaidia kuzuia ugonjwa wa mwinuko, si ya kutuliza maumivu na si kinga kamili. Inazihimiza figo zitoe ile bikaboneti mapema, upumue vizuri zaidi, hasa usiku. Kwa kawaida huanzwa siku moja kabla ya kupanda juu. Itakupeleka haja ndogo mara nyingi, na vidole vitachonyota. Ongea na daktari wako kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Usinunue duka la dawa stendi usiku wa kuamkia safari. Na ukishaanza kuyumba, hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kushuka.

"Si mnabeba mtungi wa oksijeni?" Tunabeba. Ni wa kukushushia, si wa kukupandishia.

"Kunywa maji lita saba, huugui." Maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Kukaukiwa maji kunaleta kichwa kinachofanana nao, ndiyo maana watu huchanganya. Lita tatu hadi nne kwa siku, pamoja na supu na chai, zinatosha watu wengi. Ukizidisha sana unaipunguza chumvi ya damu, na hilo ni tatizo jingine ambalo sitaki nilitibu gizani.

"Katoti kadogo ka konyagi ka kupasha mwili." Pombe inapanua mishipa ya ngozini, unahisi joto huku joto lenyewe linatoka. Tena inakupunguzia pumzi usingizini, kitu cha mwisho unachotaka ukiwa Barafu. Mbege ipo, inasubiri chini.

"Nianze na Mlima Kenya, ni mdogo." Lenana, kilele cha Mlima Kenya wanachofika watembeaji, ni mita 4,985, ndiyo, chini ya Uhuru kwa mita 910. Lakini watu hupanda Lenana kwa siku tatu, na gari linawafikisha mbali. Nimekutana na wengi waliotapika Mlima Kenya na wakaja Kilimanjaro wakiogopa bure. Hawakushindwa na urefu, walishindwa na haraka. Na Batian, kilele chenyewe cha mita 5,199, ni cha kamba na miamba, tusikichanganye na matembezi.

"Tatizo la mlima ni baridi." Baridi ipo, usiku wa kileleni nyuzi 15 chini ya sifuri si ajabu, upepo juu yake. Lakini baridi ina dawa, na dawa hiyo inauzwa soko la Memorial pale Moshi kwa bei ya mitumba. Nimevalisha vikundi vizima kutoka Memorial: sweta za flisi, jaketi la manyoya ya bata, suruali ya ski ya Mjerumani fulani aliyekwisha kuacha ski. Usilete pamba tu. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakugandia mgongoni. Mpira wa maji wa begi nao huganda, weka chupa ndani ya koti.

Kuna swali moja ambalo hakuna anayeniuliza, na ndilo ningependa kuulizwa. Kutoka Uhuru hadi geti la Mweka, tunakoshukia watu wa Machame, ni zaidi ya mita 4,000 za kushuka, kwa siku moja na nusu. Watu hufanya mazoezi ya ngazi za kupanda miezi mitatu, hakuna anayefanya ya kushuka. Magoti na vidole ndivyo vinavyolipa. Kwenye ile njia ya mizizi na tope chini ya kambi ya Mweka kila hatua inasukuma kidole mbele ya buti, na mtu aliyefika kileleni akicheka nimemwona akishuka kinyumenyume.

Kata kucha. Za miguu. Siku mbili kabla ya safari, si getini ukitumia kisu cha mpishi wangu.