Divai nyekundu yenye rangi hafifu si divai dhaifu

Wengi wakiona divai nyekundu ya Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, ikipitisha mwanga kwenye glasi, hudhani imetiwa maji. Sivyo hata kidogo. Rangi hutoka kwenye maganda, na zabibu za Pinot Noir, zinazotengenezea divai hii, zina ganda jembamba lenye rangi kidogo. Kilevi hutokana na sukari ya tunda lenyewe. Harufu ya divai hii ya cheri na udongo mbichi, ambayo kwangu ndiyo uzuri wake hasa, haihitaji weusi. Kule Côte de Nuits, sehemu ya Bourgogne, miteremko ya chokaa na mfinyanzi inayotazama mashariki hupata jua la asubuhi na haituamishi maji, na ubaridi huzifanya zabibu ziive polepole. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya Gamay, aina nyingine ya zabibu nyekundu, ing'olewe, Pinot ibaki.